Samaki aliyejeruhiwa kwa ndoana: Kinachoamua kama ataishi baada ya kurudishwa majini

Samaki anayerudishwa majini akiwa hai si lazima awe ameokoka. Anaweza kupiga mkia na kuzama mbele ya macho ya mvuvi, kisha akafa saa chache au siku kadhaa baadaye, mahali ambapo hakuna mtu wa kumwona. Kifo hicho hakihesabiwi katika mizani ya soko wala katika takwimu za mwalo. Hakimlishi mtu yeyote, na hakiachi mbegu baharini.

Jambo hili linawahusu wakazi wa Boko na maeneo jirani ya Mbweni, Ununio na Kunduchi katika Manispaa ya Kinondoni, ambako bahari iko karibu na makazi na uvuvi ni kazi ya kila siku kwa baadhi ya familia na burudani kwa wengine. Makala haya yanaeleza kinachompata samaki aliyenaswa kwa ndoana, sababu za baadhi kuishi na wengine kufa baada ya kuachiwa, na hatua ambazo mvuvi anaweza kuchukua ili kumrudisha samaki kuwe na maana.

Wanaorudisha samaki ni akina nani

Kuvua na kuachia ni kumnasa samaki kwa ndoana, kumtoa ndoana hiyo na kumrudisha majini akiwa hai. Duniani kote desturi hiyo inafahamika zaidi miongoni mwa wavuvi wa burudani, yaani watu wanaovua kwa ajili ya mchezo na si kwa ajili ya kitoweo au biashara. Makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionesha kuwa wavuvi wa burudani duniani huenda wanavua takriban samaki bilioni 47 kwa mwaka, na kwamba karibu theluthi mbili ya samaki hao hurudishwa majini.

Katika pwani ya Dar es Salaam, samaki hurudishwa kwa sababu tatu tofauti. Ya kwanza ni burudani: mashua za watalii na wapenzi wa uvuvi huenda bahari ya wazi kutafuta sulisuli, nduaro, jodari, nguru na kolekole, na baadhi ya samaki hao huachiwa baada ya kupimwa au kupigwa picha. Ya pili ni ukubwa: mvuvi wa mshipi anayelenga changu au chewa wa kuuza hupata pia wadogo ambao hawajafikia umri wa kuzaa. Ya tatu ni ulinzi wa kisheria: wapo viumbe, kama vile kasa, ambao hawaruhusiwi kuvuliwa na hunaswa bila kukusudiwa.

Sababu hizo zinatofautiana, lakini mwisho wake ni mmoja. Iwapo kiumbe aliyeachiwa atakufa, lengo la kumwachia limepotea. Mvuvi amekosa kitoweo, na bahari imekosa samaki.

Tafiti zinaonesha nini

Swali la idadi ya samaki wanaoishi baada ya kuachiwa limefanyiwa utafiti kwa miongo kadhaa. Njia ya kwanza ya kulichunguza ni kuwaweka samaki walioachiwa katika vizimba au matangi na kuwaangalia kwa siku kadhaa. Ya pili ni kuwawekea alama yenye namba, ili wakivuliwa tena ijulikane kuwa waliishi. Ya tatu, inayotumika kwa samaki wakubwa wa bahari ya wazi, ni kuwafunga vifaa vinavyorekodi kina na joto la maji, kisha kupeleka taarifa kwa njia ya satelaiti. Kifaa kikionesha kuwa samaki ameshuka hadi chini na hasogei tena, mtafiti anajua kuwa amekufa.

Mwaka 2005, watafiti Aaron Bartholomew na James Bohnsack walichapisha mapitio ya tafiti 53 zenye jumla ya makadirio 274 ya vifo vya samaki walioachiwa. Wastani wa vifo ulikuwa asilimia 18, na nusu ya makadirio yote yalikuwa chini ya asilimia 11. Muhimu zaidi kuliko wastani huo ni tofauti kubwa iliyojitokeza: katika baadhi ya mazingira karibu samaki wote waliishi, na katika mengine karibu wote walikufa.

Tofauti hiyo haikutokana na bahati. Mapitio hayo yalitaja mambo yanayoongeza vifo: ndoana kuchoma sehemu za ndani, matumizi ya chambo cha asili, aina ya ndoana, kumvua samaki kutoka kina kirefu, maji yenye joto kubwa, na kumchosha au kumshika kwa muda mrefu. Sehemu kubwa ya mambo hayo iko mikononi mwa mvuvi.

Hata kiwango kinachoonekana kidogo hukua kinaporudiwa. Iwapo samaki 10 kati ya kila 100 hufa kila wanapoachiwa, na kundi hilohilo likanaswa na kuachiwa mara tano, watakaobaki hai ni takriban 59. Katika mwamba mdogo unaovuliwa kila wiki, hesabu hiyo si ya kupuuzwa.

Mahali ndoana ilipochoma

Jambo linaloamua zaidi hatima ya samaki ni sehemu ya mwili iliyochomwa na ndoana. Ndoana ikishika mdomo au pembe ya taya, jeraha huwa dogo na mara nyingi hupona. Ikimezwa na kushika koo, tumbo au matamvua, yaani mashavu ambayo samaki hutumia kupumulia, hatari huwa kubwa. Matamvua yamejaa mishipa myembamba ya damu, na samaki ana damu kidogo ikilinganishwa na uzito wake. Kuvuja damu kutoka sehemu hiyo kwa dakika chache kunatosha kumuua.

Umbo la ndoana lina mchango mkubwa. Ndoana ya kawaida yenye umbo la herufi J huchoma popote inapogusa pale mshipi unapovutwa. Ndoana ya duara imepindwa ili ncha yake ielekee ndani, upande wa shina. Samaki akiimeza na kuanza kuondoka, ndoana huteleza kutoka kooni bila kuchoma na kushika kwenye pembe ya mdomo. Kwa sababu hiyo, anayeitumia hapaswi kuuvuta mshipi kwa nguvu ghafla. Anatakiwa kuuacha ukaze taratibu.

Matokeo ya tofauti hiyo yamepimwa kwa samaki wanaofahamika pia katika bahari ya Tanzania. Utafiti uliofanywa kwa sulisuli katika pwani ya Guatemala na kuchapishwa mwaka 2002 ulionesha kuwa asilimia 46 ya walionaswa kwa ndoana za umbo la J zilishika ndani ya mwili, ikilinganishwa na asilimia 2 tu kwa ndoana za duara. Uwezekano wa kuvuja damu ulikuwa mara 21 zaidi kwa ndoana za J. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2005, uliwafuatilia nduaro weupe wa Bahari ya Atlantiki kwa vifaa vya satelaiti. Walionaswa kwa ndoana za duara waliishi wote, wakati walionaswa kwa ndoana za J walioishi walikuwa asilimia 65. Tangu mwaka 2008, Marekani imeyataka mashindano ya kuvua samaki wa jamii hiyo upande wa Atlantiki kutumia ndoana za duara pale chambo cha asili kinapotumika.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama mvuvi aitoe ndoana iliyomezwa au akate mshipi na kuiacha. Majaribio yaliyofanywa Kanada kwa samaki wadogo wa maji baridi, na kuchapishwa mwaka 2009, yalitoa jibu lililo wazi. Baada ya siku 10, asilimia 44 ya samaki waliotolewa ndoana iliyozama ndani walikuwa wamekufa. Kwa wale waliokatiwa mshipi na kuachiwa na ndoana yao, waliokufa walikuwa asilimia 12.5, na zaidi ya theluthi mbili ya hao waliokatiwa mshipi walikuwa wameitema au kuitoa ndoana wenyewe. Huruma ya kuing'oa ndoana, kwa hiyo, inaweza kumdhuru samaki kuliko kuiacha.

Uchovu, hewa na joto la maji

Samaki anayepambana na mshipi hutumia misuli yake kwa nguvu kuliko damu inavyoweza kuipelekea oksijeni. Asidi ya laktiki hujikusanya mwilini, kama inavyotokea kwa mwanariadha aliyekimbia mbio fupi kwa nguvu zote. Mwaka 2009, watafiti waliofanya kazi katika delta ya Okavango, Botswana, walitumia kipimo cha laktiki katika damu kuchunguza msongo wa uvuvi kwa samaki wenye meno makali wa jenasi ya Hydrocynus. Jenasi hiyo ina spishi yake Tanzania, Hydrocynus tanzaniae, anayepatikana katika mito ya Ruvu na Rufiji na kuwavutia wavuvi wa burudani kutoka nje ya nchi.

Samaki aliyechoka akitolewa majini hukosa hewa kabisa. Nyuzi laini za matamvua, ambazo majini hutawanyika, hushikamana zinapokuwa hewani na haziwezi kufanya kazi. Jaribio lililofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 1992 liliwahusisha samaki aina ya trauti waliochoshwa kwa mazoezi makali. Waliobaki majini muda wote walioishi baada ya saa 12 walikuwa asilimia 88. Waliowekwa hewani kwa sekunde 30 walioishi walikuwa asilimia 62. Waliowekwa hewani kwa sekunde 60 walioishi walikuwa asilimia 28 tu. Trauti si samaki wa bahari ya Boko, na viwango haviwezi kuhamishwa kama vilivyo. Hata hivyo, funzo lake ni la jumla: muda wa kupiga picha moja au mbili unaweza kuamua uhai wa samaki aliyekwisha kuchoka.

Joto la maji huongeza uzito wa tatizo. Maji yanavyozidi kuwa ya moto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo. Maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi joto 10 hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 hubeba takriban miligramu 7.5. Maji ya bahari hubeba pungufu ya hapo. Wakati huohuo, mwili wa samaki katika maji ya moto huhitaji oksijeni zaidi. Bahari ya pwani ya Dar es Salaam huwa kati ya nyuzi 25 na 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na joto hupanda zaidi wakati wa kaskazi. Msimu huo wa bahari tulivu ndio pia unaowapeleka wavuvi wengi wa burudani katika maji ya wazi. Hivyo, samaki huachiwa kwa wingi katika kipindi ambacho kupona kwake ni kugumu zaidi.

Bondo linapojaa

Samaki wengi wana kibofu cha hewa kinachowasaidia kukaa katika kina wanachotaka bila kuzama wala kuelea. Watanzania wanakifahamu kibofu hicho kwa jina la bondo, na mabondo ya sangara wa Ziwa Victoria ni bidhaa yenye thamani kubwa sokoni. Kwa samaki aliye hai anayevutwa haraka kutoka kina kirefu, kiungo hicho hugeuka kuwa chanzo cha madhara.

Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo unaokaribia kulingana na ule wa hewa iliyo juu ya uso wa bahari. Katika mita 30, mgandamizo huwa mara nne ya ule wa juu. Samaki akipandishwa kutoka kina hicho, hewa iliyo ndani ya bondo hutanuka karibu mara nne. Kwa samaki kama chewa na changu, bondo halina njia ya kuitoa hewa hiyo haraka. Matokeo yake yanaonekana kwa macho: tumbo hujaa, macho hutokeza nje, na wakati mwingine mfuko wa tumbo husukumwa hadi mdomoni. Samaki aliye katika hali hiyo hushindwa kuzama. Huelea ubavu juu ya maji ya moto, akipigwa na jua, hadi afe au aliwe.

Zipo njia mbili za kumsaidia. Moja ni kulitoboa bondo kwa sindano maalumu ili hewa itoke, njia inayohitaji ujuzi kwa kuwa ni rahisi kuharibu viungo vingine. Nyingine, iliyo salama zaidi, ni kumrudisha kwenye kina kwa uzito. Chubwi zito hufungwa kwenye ndoana iliyogeuzwa na isiyo na kijino, ndoana hushikizwa kwenye mdomo wa samaki, naye hushushwa hadi karibu na kina alikotoka. Mgandamizo huifanya hewa isinyae tena, na mvuto mdogo wa mshipi humwachia. Mwaka 2022, Marekani ilianza kuwataka wavuvi wa samaki wa miamba katika Ghuba ya Meksiko kuwa na kifaa cha aina mojawapo kati ya hizo ndani ya chombo.

Ute, magamba na maadui

Mwili wa samaki umefunikwa na ute. Mvuvi anauona kama utelezi unaomsumbua, lakini kwa samaki ni ngozi ya kwanza inayozuia vimelea na kulinda uwiano wa chumvi mwilini. Mkono mkavu, kitambaa, mchanga au sakafu ya mashua iliyopata jua huuondoa ute huo pamoja na magamba. Jeraha linalobaki hushambuliwa na bakteria, na katika maji baridi hushambuliwa pia na ukungu. Vifo vya namna hii hutokea baada ya siku kadhaa, na ndiyo maana mvuvi havioni.

Namna ya kumshika pia ina madhara. Majini, uzito wa samaki hubebwa na maji yenyewe. Samaki mkubwa akiningʼinizwa kwa taya au kwa kifuniko cha matamvua, uzito wote huvuta viungo vya ndani na maungio ya uti wa mgongo, ambavyo havikuumbwa kwa kazi hiyo.

Mwishowe wapo maadui. Papa, mzia na chewa wakubwa huvutwa na harufu ya damu na mitikisiko ya samaki aliyedhoofika, na katika mito kuna mamba. Samaki ambaye angepata nafuu ndani ya nusu saa anaweza kuliwa katika dakika tano za kwanza kwa sababu tu hana nguvu za kukimbia.

Funzo la silikanti

Mfano unaoeleweka zaidi nchini kuhusu mipaka ya kurudisha samaki ni wa silikanti. Samaki huyo wa kale alidhaniwa kuwa ametoweka duniani kwa mamilioni ya miaka hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Nchini Tanzania alithibitishwa mwaka 2003 karibu na Songo Mnara, Kilwa, na kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa Tanga waliwanasa wengi katika nyavu za jarife zilizotegwa kwenye kina kirefu kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Silikanti hana bondo lenye hewa, kwani kiungo chake kimejaa mafuta. Kwa hiyo hapati madhara ya kutanuka kwa hewa kama chewa. Hata hivyo, samaki huyo aliyezoea giza na maji ya kina yenye ubaridi hufika juu akiwa amechoka, katika maji ya moto yenye oksijeni kidogo, na kwa kawaida hafiki mbali. Nia njema ya kumwachia haitoshi kumwokoa. Kinachomwokoa ni kutonaswa tangu mwanzo, na ndiyo sababu ulinzi wake umejengwa juu ya eneo lake la kuishi na aina ya zana zinazotumika humo.

Sheria na maeneo tengefu

Uvuvi Tanzania Bara unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 pamoja na marekebisho yake. Uvuvi wa burudani nao unahitaji leseni. Kwa baadhi ya samaki, kanuni zimeweka ukubwa wa chini unaoruhusiwa. Mifano inayofahamika zaidi ni ya Ziwa Victoria, ambako sangara mwenye urefu wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa. Msingi wa kanuni hizo ni kumpa samaki nafasi ya kuzaa kabla ya kuvuliwa.

Mbele ya ufukwe wa Kunduchi kuna visiwa vya Mbudya na Pangavini pamoja na Fungu Yasini, na kusini zaidi kuna Bongoyo. Maeneo hayo manne yalitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975. Leo yanasimamiwa na Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu chini ya Sheria Na. 29 ya mwaka 1994, na uvuvi hauruhusiwi ndani yake. Wapo wanaodhani kuwa kuvua na kuachia ndani ya eneo tengefu hakuna madhara kwa kuwa samaki habebwi. Takwimu zilizotajwa hapo juu zinajibu dhana hiyo. Mapitio ya mwaka 2005 yaliandikwa kwa kuzingatia hasa swali la maeneo yasiyovuliwa, na yanaonesha kuwa uvuvi wa kuachia nao huua. Miamba ya Mbudya na Bongoyo ni mahali pa kuzalia na kukulia samaki wanaovuliwa nje ya mipaka yake. Hasara ya ndani hufika kwenye mwalo wa nje.

Hatua zinazoongeza uhai wa samaki

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa mwaka 2012 mwongozo wa uvuvi wa burudani unaowajibika. Kwa kuzingatia yaliyobainishwa na tafiti, hatua zifuatazo zinaweza kuchukuliwa na mvuvi yeyote bila gharama kubwa:

1. Kuamua mapema. Mvuvi aliyekwisha kupata samaki anaowahitaji aache kuvua, badala ya kuendelea kwa nia ya kuachia.

2. Kutumia ndoana ya duara panapotumika chambo cha asili, na kuminya kijino cha ndoana kwa koleo ili itoke kwa urahisi.

3. Kutumia mshipi wenye nguvu inayolingana na samaki anayelengwa, ili asichoshwe kwa muda mrefu.

4. Kumtoa ndoana akiwa bado majini, kando ya mashua. Inapobidi kumtoa, muda wa hewani uwe wa sekunde chache.

5. Kulowesha mikono kabla ya kumgusa, na kuepuka kitambaa kikavu, mchanga na sakafu ya moto.

6. Kumshika kwa ulalo, mkono mmoja chini ya tumbo na mwingine karibu na mkia, bila kuingiza vidole kwenye matamvua.

7. Kukata mshipi karibu na mdomo iwapo ndoana imemezwa na samaki lazima aachiwe.

8. Kumwelekeza samaki aliyechoka dhidi ya mkondo ili maji yapite mdomoni na kwenye matamvua, hadi aondoke kwa nguvu zake mwenyewe.

9. Kuhama eneo iwapo samaki wanaopatikana ni wachanga au wanatoka kwenye kina kinachojaza mabondo yao, au iwapo papa wamekusanyika.

Hatua ya tisa ndiyo inayosahaulika zaidi. Mvuvi anayebaki mahali pamoja akirudisha wachanga kumi ili apate mkubwa mmoja anaweza kuamini kuwa anatii kanuni, wakati wachanga hao wanaelea nyuma ya mashua yake.

Upo pia uamuzi mgumu zaidi. Samaki anayeruhusiwa kuvuliwa, aliyefikia ukubwa unaokubalika, na ambaye anavuja damu nyingi kutoka kwenye matamvua, ana nafasi ndogo ya kuishi. Kumwachia samaki wa namna hiyo ni kupoteza chakula. Kumbeba na kumhesabu katika mavuno ya siku ni matumizi bora zaidi ya rasilimali. Kwa mchanga au kiumbe anayelindwa na sheria, wajibu wa kumrudisha unabaki palepale, na kilichobaki ni kufanya hivyo kwa namna inayompa nafasi kubwa zaidi.

Mchezo na chakula

Kuvua na kuachia hakukubaliki kila mahali. Kanuni za ustawi wa wanyama za Uswisi zinakataza kuvua kwa nia ya kuachia, kwa hoja kwamba si haki kumtesa samaki kwa ajili ya mchezo peke yake. Nchi nyingine zinauona uvuvi huo kuwa njia ya kuingiza mapato ya utalii bila kumaliza samaki, na kukusanya taarifa za kisayansi. Katika pwani ya Kenya, taasisi ya African Billfish Foundation ya Watamu hushirikiana na wavuvi wa burudani kuwawekea alama sulisuli na nduaro kabla ya kuwaachia. Kila samaki mwenye alama anayevuliwa tena ni ushahidi kwamba aliishi, na huonesha umbali aliosafiri.

Kwa Boko na vitongoji vya pwani ya Kinondoni, hoja zote mbili zina uzito, lakini msingi wake ni mmoja. Changu mdogo anayerudishwa leo ni kitoweo cha mwakani kwa familia fulani ya Ununio au Kunduchi, iwapo tu ataishi. Bahari hiyohiyo inamhudumia mvuvi wa mshipi anayetafuta riziki na mgeni anayelipia siku moja ya burudani, na samaki aliyekufa chini ya mwamba ni hasara kwa wote wawili.

Wananchi wanaohitaji ufafanuzi kuhusu leseni, ukubwa wa samaki unaoruhusiwa na mipaka ya maeneo tengefu wanaweza kuupata kwa maofisa uvuvi wa Manispaa ya Kinondoni, kwa vikundi vya usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi (BMU) vilivyopo kwenye mialo, na katika ofisi za Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Masuala ya kitaalamu kuhusu samaki na mazingira yao hushughulikiwa na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 6 ya mwaka 1980.